Siku Mama Alipoitikia Shikamoo kwa Shikamoo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena! Nimeandika haya kwenye karatasi kwa sababu nikisimama mbele yenu mikono mitupu nitajisahihisha kila neno, na jioni itatukuta hapa. Mnanijua. Mimi ni Kabula, fundi cherehani wa hapa hapa Ngokolo, yule mnayemwita Fumua. Ushonaji nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua magauni ya mitumba na kuyashona upya, na kwa kutazama video kwenye simu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia "hapo basi, imekaa," kwa hiyo sijui kazi inaisha lini. Wanakwaya wanakumbuka jinsi sare zilivyochelewa kwa sababu ya kola moja, iliyopinda kiasi ambacho ni mimi tu niliyeona.

Nawaambieni ukweli, hayo hayakuwa maringo. Ilikuwa hofu. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa. Nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka ibadani nahesabu makosa: nimesalimia vibaya, nimecheka kwa sauti, nimevaa kitenge kilichopauka. Niliomba nikiwa na wasiwasi kwamba hata sala nimeikosea. Ndugu zangu, mtu anaweza kuwa ameokoka na bado amefungwa!

Sasa sikilizeni alichofanya Mungu.

Asubuhi ile mama yangu, ambaye ninyi mnamwita Mama Masanja, aliamka mzima kabisa. Redio ikisoma taarifa ya habari ya saa kumi na mbili, yeye alikuwa akinigombeza kwamba nitaharibu macho kwa kushona kabla jua halijatoka. Nikaenda kununua uzi. Niliporudi nilimkuta uani na jirani yetu, Mama Shija, wakikata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamooni."

Mama Shija akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Mama akajibu, "Shikamoo."

Mama Shija akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Leo Mama Masanja anaitikia Kisukuma! Mwangaluka inarudishwa kwa mwangaluka, basi na shikamoo irudishwe kwa shikamoo! Kabula, pokea, umekuwa mama wa mama yako!"

Kweli, ndugu zangu, kwetu Usukumani mtu akikuamkia asubuhi kwa mwangaluka nawe unamrudishia mwangaluka, na wazee wengi hufanya utani huo kwenye Kiswahili. Lakini mama yangu si mtu wa kutania salamu. Nikarudia, "Shikamoo, mama." Akanitazama, akasema tena, "Shikamoo." Na usoni mwake hapakuwa na kicheko chochote. Nikaona kiazi kimedondoka kutoka mkono wa kulia, na ule mkono bado unajikunja kama umekishika.

Mtakumbuka yule muuguzi aliyekuja kuzungumza na akina mama hapa kanisani. Alisema mtu akipatwa na kiharusi tazama uso, tazama mkono, sikiliza maneno. Kimoja kikiharibika ghafla, usisubiri kingine. Nikamwambia mama, "Tabasamu." Mdomo ukaenda upande mmoja. Nikamwambia, "Inua mikono." Ukainuka mmoja.

Kicheko cha Mama Shija kikakatika. "Yesu wangu! Kapigwa upepo!"

Watu wakajaa uani. Mmoja akaleta uji ili mama apate nguvu. Nikaukataa, maana muuguzi alisema aliyepooza koo anaweza kupaliwa na kufa. Mwingine akasema hili si la hospitali, kuna mtu amemtupia kitu, aitwe mtaalamu aliye upande wa Kolandoto. Hapo akaingia baba mdogo Luhende, mdogo wake marehemu baba. Yeye hakutaka mganga wala hospitali. Alitaka jambo moja tu.

"Masanja amesemaje?"

Masanja ni kaka yangu mkubwa. Anachimba dhahabu kule Geita. Kwetu, mama akiugua, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayesema aende wapi. Nilikuwa nimeshapiga simu yake, haipatikani. Nikampigia mwenzake anayevuta kamba juu ya shimo, akasema, "Dada, Masanja yuko chini shimoni, ndani ya duara. Humo simu haishiki. Mpaka apande."

"Basi tumngoje apande," akasema baba mdogo.

"Baba mdogo, hiki ni kiharusi. Kila dakika ubongo unakufa."

"Nani kakwambia? Cherehani?" Watu wengine wakaguna kwa kucheka. "Wewe Fumua, hata kola iliyonyooka unaiona imepinda. Leo umeona kosa kwenye salamu, unataka kumbeba shemeji yangu juujuu! Akifia njiani utamwambia nini kaka yako?"

Ndugu zangu, alipiga palepale penye kidonda. Kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Itakuwaje nikiwa nimekosea? Ikiwa ni uchovu tu? Nikampigia mchungaji huku nalia, nikamwomba aje amwombee mama. Nilitaka, niseme ukweli, mtu mwingine aamue.

Mchungaji akaniambia maneno ambayo sitayasahau. "Kabula, maombi nimeyaanza sasa hivi nikiwa hapa nilipo. Mungu hahitaji mama akae uani ndipo asikie. Mpakie kwenye bajaji!"

Haleluya! Nilinyanyuka. Mama Shija, yule aliyecheka, akashika miguu, mimi nikashika kwapa, tukampakia. Baba mdogo alisimama mbele ya bajaji akisema hatuna ruhusa. Mama Shija akamwambia, "Shemeji, sogea, au panda!" Akapanda. Alipanda amenuna, lakini alipanda, na mkono wake ndio uliomshikilia mama asidondoke kwenye kona.

Hospitalini hatukuwekwa kwenye foleni. Muuguzi wa mapokezi alipouona mdomo wa mama, akapaza sauti, "Kiharusi!" na watu wakaja mbio. Daktari alikuwa dada kijana, pengine wa rika langu. Swali lake la kwanza halikuwa jina. Aliuliza, "Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ni lini?" Nikamjibu bila kufikiri: taarifa ya habari ya saa kumi na mbili, alikuwa akinigombeza. Akasema, "Asante Mungu kwa mama mgomvi. Muda bado tunao."

Wakamwingiza kwenye CT scan, mashine inayopiga picha ndani ya kichwa. Picha ilitazamwa pale, na papo hapo ikatumwa kwa bingwa wa mji mwingine aitazame naye kwenye kompyuta yake. Daktari akanieleza kwa lugha ambayo hata mimi wa darasa la saba niliielewa. Alisema kiharusi kiko cha mshipa kupasuka na cha mshipa kuziba, na kwa nje vinafanana. Cha mama kilikuwa cha kuziba. Akasema watafiti wameonyesha kwamba mshipa ukiziba ubongo haufi wote kwa mara moja. Pana sehemu imezimia lakini haijafa, inangoja damu. Ikirudishiwa damu mapema, inaamka. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba, ila ina saa zake; zikipita, haifai tena. Akasema miaka si mingi iliyopita mtu wa huku angepelekwa Mwanza au Dar es Salaam kwa picha tu, na saa zote zingeishia barabarani.

Nilikuwa nasema amina, amina, mpaka aliposema neno la mwisho.

"Lakini dawa hii inaweza kumfanya avuje damu kichwani. Kwa wachache hutokea. Ninashauri tumpe. Ninahitaji ndugu akubali na kuweka sahihi."

Nikamtazama baba mdogo. Baba mdogo akaninyoshea simu yake. Nikapiga simu ya Masanja. Haipatikani! Daktari akasema, "Dada, siwezi kukusukuma. Ila ile sehemu inayongoja haingoji siku nzima."

Ndugu zangu, hapo ndipo mimi nilipofunguliwa. Si madhabahuni, ni kwenye korido yenye harufu ya dawa. Nilisema moyoni, "Bwana, siwezi kujua. Nikisaini naweza kukosea. Nisiposaini nimeshakosea. Nishike mkono." Nikashika kalamu, nikaandika. Sahihi ilitoka imepanda juu, ikashuka, ikatoka nje ya mstari, kama mshono wa mtu aliyeshika cherehani leo. Siku nyingine ningeomba karatasi nyingine. Sikuomba! Nikamrudishia daktari na kumwambia, "Mpe."

Dawa ikaanza kuingia kwa dripu. Muuguzi akawa anampima presha mara kwa mara, anamfinya vidole, anamwita jina. Baba mdogo akatoa kofia yake akaishika kifuani. Jua lilikuwa bado liko juu pale mama alipokunja kidole cha mkono wa kulia. Kimoja. Kisha vyote! Kisha akafungua mdomo, neno likatoka kwa shida, kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani:

"Viazi... nani... kaanua?"

Mungu wangu ni mkuu! Mama karudi kutoka mlangoni mwa mauti anauliza viazi! Nililia, muuguzi akacheka, na baba mdogo akajibu kwa utii kabisa, "Shemeji, nakwenda kuvianua sasa hivi." Na akaenda kweli.

Masanja alifika kesho yake, matope ya mgodini bado yako kwenye masikio. Alinipita, akasimama kando ya kitanda akifoka. "Nani kampa Kabula ruhusa? Dawa ya kuvujisha damu! Na mama angekufa? Nani alisema?"

Mama alimtazama. Akakusanya neno lake taratibu. "Mimi. Kaa... chini."

Mama hakuwa na uwezo wa kusema lolote siku ile, mnajua. Lakini kaka yangu alikaa. Daktari akaja akamwonyesha picha, akamweleza pale palipoziba na saa zilizokuwepo. Masanja akauliza, "Na mngeningoja mimi nipande, ingekuwaje?" Daktari akasema, "Angekuwa hai labda. Lakini huyu anayekukaripia usingemsikia." Kaka yangu akafunika uso kwa ile mikono yake mikubwa.

Sitaki niwapambie. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa kijiji cha mbali. Kwao walimngoja mtu, wakajaribu dawa za kienyeji, akafika saa zimepita. Ile dawa hakupewa. Alipata matunzo mazuri, mazoezi na vidonge, lakini maneno yake hayajarudi. Naye ni mtoto wa Mungu kama mama yangu. Alikuwa mbali na barabara tu, na hakuna aliyewahi kuwaambia habari za saa hizo. Ninapomshukuru Mungu kwa mashine iliyofika mkoani kwetu, ninamwomba pia habari yake imfikie kila mwenye jembe na kila aliye ndani ya duara. Uzima usiwe wa watu wa mjini peke yao!

Na mama hakuponywa kwa siku moja. Mguu wa kulia uliburuta kwa muda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha ya kufanya nyumbani, nami nikamshonea mpira wa vipande vya vitenge ili aufinye. Ulitoka kama kiazi kilichoumwa na panya. Nikampa hivyo hivyo! Kumbe presha ilikuwa juu siku zote na hatukuwahi kupima. Sasa anameza vidonge kila siku. Wapo waliomwambia aliyeponywa na Bwana akimeza vidonge anakosa imani. Mama akawajibu, "Aliyeniponya ndiye kanipa na koo la kumezea."

Mwezi uliopita alituita sote: Masanja, mimi, baba mdogo, na Mama Shija awe shahidi. Akasema, "Nikianguka tena, asitafutwe mkubwa. Siku hiyo, aliyepo ndiye mkubwa." Masanja akawa wa kwanza kusema amina. Amerudi Geita na neno hilo, na wenzake wa shimo lake wameambiana hivyo hivyo: mwenzetu akianguka, hangojewi ndugu, anakimbizwa.

Ndugu zangu, nawasihi kwa jina la Yesu. Leo mkifika nyumbani, kabla ugali haujapakuliwa, semezaneni. Mwambie mkeo, mwambie mwanao, mwambie hata jirani mliyekosana: ukiniona uso umekwenda upande, unayo ruhusa yangu. Usimpigie mtu wa mbali. Nikimbize! Na wewe unayetetemeka kama mimi, unayengoja mpaka uwe na uhakika wote, mtegemee Bwana na uweke sahihi yako ikiwa imepinda. Yeye anaisoma.

Sasa naomba mama asimame. Msimsaidie, tafadhali, anachukia. Haya, mama. Anasimama. Anakuja mbele. Mnauona huo mguu? Mpigieni Mungu vigelegele, maana huyo anakuja kuninyang'anya kipaza sauti, na ana mengi ya kusema!