Hakuna Aliyeniomba Kura

Sogeza kiti hapa karibu, Nesta, nawe Ifor usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, keti, hao kondoo wanaozaa Tegwen atawaangalia, mkeo anajua kumtoa mwana-kondoo kuliko wewe. Niinulieni mto. Si hivyo. Basi, acheni. Tangu alfajiri najigeuza kitandani humu na hakuna upande unaonikubali, wala si kifua peke yake, kuna jambo linanizunguka kichwani na sitaki kuondoka nalo. Nisikilizeni wanangu, wote wawili kwa pamoja, maana najua tangu Krismasi hamjakaa meza moja, mmoja akiingia jikoni mwenzake anakumbuka kazi ya nje, na mnadhani kwa kuwa nimelala huku juu sisikii viti vinavyovutwa.

Tuanze na mali, tuimalize. Shamba hili la Hafod, nyumba, mabanda na haki ya malisho ya mlimani ni vya Ifor, aliyevitolea mgongo wake tangu alipoacha shule. Nyumba ndogo ya darajani ni yako, Nesta, pamoja na kinanda cha mama yenu, hata kama Tegwen amezoea kuweka maua juu yake. Kitoeni hapo sebuleni bila kununiana. Na ule ukuta wa mawe ulioanguka kati yetu na Wil Pant Glas, ambao babu yenu na baba yake walisusiana kwa sababu yake, na sisi tukaurithi ule mnuno kama watu wanavyorithi saa ya ukutani, ujengeni. Nimechoka nao. Ila msishike jiwe hata moja kabla sijazikwa, Wil asije akajisifu kanisani kwamba nimesalimu amri.

Fungua dirisha kidogo, Nesta. Hapo panatosha.

Mali ilikuwa rahisi. Kuna kitu kingine ambacho watu wa bonde hili wanadhani ni mali yangu, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Jumapili baada ya ibada Wil alikuja hapa na mkate wa zabibu aliooka mkewe, akakaa hapo ulipokaa wewe Ifor, akasema wazee wamekutana katika chumba cha nyuma cha kanisa na wamekubaliana, kilichobaki ni neno langu tu. Mnaijua desturi yetu. Kiti cha baraza katika Bonde la Ceirw hakigombewi. Mwenye kiti akichoka au akiugua, wazee humfuata nyumbani kumuuliza anamwachia nani, na jina likishatoka kitandani hakuna mwingine anayepeleka fomu mjini, siku ya uchaguzi inapita watu wako malishoni, na karatasi inabandikwa kwenye mlango wa posta kwamba fulani amepita bila kupingwa. Wil akaniambia, "Elis, wewe taja jina tu tulale usingizi. Kiti hakitoki nyumbani kwako."

Na jina walikuwa nalo tayari. Ifor. Nesta apewe nafasi katika kamati ya shule, apate pa kusemea.

Usiuminye mdomo, Nesta, sijamaliza. Nawe Ifor usiinamishe kichwa, najua hukuwatuma, wewe huwezi kumtuma mtu hata chumvi bila kuomba radhi.

Nataka niwaambie mimi nilivyokipata kiti hicho. Tulikuwa tumemzika babu yenu, aliyekikalia kabla yangu, nimevaa suti nyeusi ya kuazima iliyonibana makwapa, natoka makaburini bado nina udongo kwenye viatu, baba yake Wil akanishika kiwiko langoni akasema, "Sasa ni wewe." Nikadhani anamaanisha kubeba viti vya kanisa kuvirudisha ndani. Kumbe ni baraza la Merioneth, kaunti nzima, barabara zake na shule zake na madaraja yake, nimekabidhiwa kama mtu anavyokabidhiwa mwavuli ashike kidogo. Na tangu hapo nimekwenda vikaoni Dolgellau mvua na theluji, nimeketi, nimesema, nimepata barabara ya juu ikatiwa lami na maji ya bomba yakafika mpaka Rhiwlas. Nilifanya kazi, sijivuni wala sijuti. Lakini wanangu, katika miaka yote hiyo sikupigiwa kura hata moja. Mnanisikia? Hata moja. Sanduku halikuwahi kufunguliwa kwa jina langu. Naondoka duniani nikiitwa mheshimiwa, na sijui kama kuna mtu katika bonde hili aliyewahi kunitaka.

Mama yenu ndiye aliyenitia mwiba huu. Tulikuwa tunakamua maziwa, mimi najisifu habari ya lami, yeye bila kuinua kichwa akasema hata yeye hajawahi kunipigia kura. Nikacheka. Kisha nikamuuliza, ingekuwapo karatasi, Lowri, ungenipa? Akakamua, akakamua, mpaka nikadhani hakunisikia, halafu akasema, "Ungeniomba kwanza." Amekufa hajanipa, na si kwa kunikatalia, ni kwamba sikuwahi kusimama mbele yake kumwomba. Tangu wakati huo nimekuwa nikikaa katika kiti kile kama mgeni anayengoja mwenye nyumba aje amuulize umeingiaje.

Maji. Asante. Usinishike mkono sana, Nesta, unanitia hofu.

Sasa mambo yamebadilika, na wazee bado wanayaona kama ya zamani. Mwakani Merioneth hii mliyoijua inafutwa, tunaunganishwa na majirani, na baraza jipya litakuwa kule Caernarfon, mwendo wa nusu siku kukiwa na theluji, na watakaokaa humo wengi hawajui kama bonde letu linaingilika kwa gari. Jambo la kwanza watakaloulizwa ni kama shule ndogo zifungwe, na shule yetu ni ndogo kuliko zote. Nimewasikiliza nyote wawili, mmoja mmoja, kila mmoja akija na chai yake huku akimsema mwenzake. Ifor anasema mtu wa chama, kama Nesta, ana bwana mjini, siku chama kikisema shule ifungwe atainua mkono na macho chini, na tena chama kitatugawa mpaka kanisani, watu waanze kuchagua benchi la kukaa kwa kuangalia beji. Ni kweli. Nesta anasema mtu huru asiye na chama, kama Ifor, katika ukumbi mkubwa ni kama mtu anayemwita mbwa wa jirani, atapiga mbinja mpaka midomo ikauke, na akiwa na wenzake ishirini wenye beji ya kijani ya chama watalazimika kumsikiliza. Nalo ni kweli. Nimelala hapa nawapima, nikimpa mmoja usiku namnyang'anya asubuhi, jina la Ifor likinifika mdomoni namwona Nesta akiwafundisha wale watoto karibu na jiko la makaa, na nikitaka kusema Nesta namwona Ifor akiburuta kondoo wa watu kuwatoa kwenye mafuriko bila kuuliza wenyewe wanapiga kura wapi. Moyo wangu hautulii, na sasa nimejua kwa nini. Hili si langu kuamua. Halikuwahi kuwa langu.

Kwa hiyo simtaji mtu. Wil akija kesho mwambieni Elis amekataa, na mrudishieni sahani yake.

Nesta, Tegwen ameniambia unataka kujitoa ili nyumba ipate amani. Usithubutu. Amani ya namna hiyo ndiyo iliyonilea, na mnaona ilivyoniacha. Ifor, nawe usiende kujificha kwa kondoo ukisema kama dada anataka na achukue. Fomu zinapokewa mwisho Ijumaa adhuhuri. Zipelekeni zote mbili, gari moja, msiniharibie petroli. Kisha mpite nyumba kwa nyumba, bonde zima, kila mmoja kwa miguu yake, mbisheni hodi hata kwa Wil, hata kwa wale wa Rhiwlas wasiopenda watu, na muombe. Watu wawaulize habari ya shule mpaka mtoke jasho. Wawacheke. Wawafungie mlango. Sanduku lifunguliwe, na karatasi zihesabiwe hadharani, na bonde hili lijue sauti yake yenyewe ikoje.

Naogopa, msifikiri siogopi. Naogopa kuwaachia ugomvi badala ya shamba. Ndiyo maana nawaagiza hivi, na hili ni agizo la mwisho, lishikeni: atakayeshindwa ndiye atakayemwendesha mwenzake siku ya kikao cha kwanza. Njia ni ndefu, amwambie yote yaliyo moyoni, na wakifika amfungulie mlango wa gari. Najua, Nesta, unachukia Ifor anavyokata kona. Basi shindwa, uendeshe wewe.

Mmecheka. Wote wawili. Ngojeni... ngojeni nipumue.

Mungu awashike wanangu. Awape majirani wenye ulimi mkali na moyo safi. Mkisemana asubuhi, jioni mle pamoja. Nyumba hii isiwe ya mmoja kuingia mlango wa mbele huku mwingine akitokea wa nyuma. Nimewabariki, na watoto wenu, na hata Wil, lakini yeye msimwambie.

Bado kitu kimoja. Uchaguzi ni mwezi ujao, mimi sitaufikia, msinidanganye. Na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuja mlangoni kwangu kuniomba kura, nani angeniomba, na kiti ni changu? Tokeni. Ndiyo, tokeni humu, wote wawili. Shukeni ngazi mpaka uani, mvue yale mabuti ya matope, kisha mpande mmoja mmoja kama watu msionijua, mbishe hodi, mniombe. Nitawauliza habari ya shule. Nitawauliza habari ya chama. Msinionee huruma, na nitakayempa sitamwambia mwenzake... Nendeni. Mlango uvuteni.

Lowri, unawasikia? Wanasukumana kwenye ngazi kama walivyokuwa wadogo.

Nani huyo? Hodi yako ni ndogo, bisha tena... Haya, ingia. Karibu. Simama hapo nikuone... sema jina lako, mwanangu, useme unataka nini.