Kahawa ya Binamu

Benchi letu liko mbele ya duka la dawa, hapa mjini Matanzas, na kahawa yake hutoka dirisha la pili, kwa Binamu. Tangu mwaka themanini na nne Binamu anaishi na Evelio, kinyozi mstaafu. Evelio alisema ni binamu yake, nasi tukaona tusichokonoe. Sasa moyo wa Evelio umechoka. Akifa bila ndoa, nyumba inakwenda kwa mpwa wake, na Binamu anatoka na begi. Jumamosi wanaoana kwa sheria mpya inayoruhusu wanaume wawili kufunga ndoa. Mashahidi ni mimi na Profesa, mzee aliyefagia chuo kikuu miaka ishirini.

— Sheria hii imeletwa na kimbunga, alianza Rubani, ambaye ndege anaziona angani tu. Tumeipigia kura Jumapili, Jumanne mapaa yameng'oka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— We mzee, nikamwambia, kimbunga kimekuja baada ya kura! Na methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu upepo.

— Hapana, ni umeme, alisema Profesa. Ukikatika kila siku, watu wanakaa gizani wanaongea. Wakiongea, chuki inakwisha. Ni sayansi hiyo.

— Kwa hiyo umeme ukirudi, ndoa zinafutwa? nikamuuliza.

— Umeme gani wa kurudi?

— Mimi nasema ni besiboli, alidakia Rubani. Timu ya taifa imepigwa mpaka wanaume tumepata unyenyekevu!

Tukacheka, kisha mimi nikaacha kucheka.

— Mwaka sitini na sita lori la jeshi lilisimama hapa hapa, nikasema. Likamchukua Evelio akakate miwa kambini huko Camagüey, eti arudi mwanaume. Sisi tulikuwa tumekaa benchi hili hili.

— Tungefanya nini? Rubani akauliza kwa sauti ndogo.

— Hata kumpungia mkono.

Profesa akakohoa.

— Yamepita hayo. Leo hakuna anayewajua wale wawili kutushinda sisi. Binamu ni ndugu yetu kabisa.

Hapo akafika binti wa ofisi ya ndoa, faili kwapani.

— Shikamooni wazee. Mashahidi ndio nyie?

— Marahaba, binti. Ndio sisi.

— Mnawafahamu vizuri maharusi?

— Kama kiganja hiki! alisema Profesa.

— Haya. Evelio Quintana nimeshamwandika. Mwenzake anaitwa nani?

— Binamu, akasema Rubani.

— Binamu nani, babu?

Profesa akachungulia kikombe chake kitupu. Rubani akajikuna kidevu. Mimi nimeinywa kahawa ya mtu yule, iliyochanganywa njegere wakati wa uhaba na isiyo na njegere, miaka thelathini na nane, na aibu ilinishika hata masikio yakawaka. Binti alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

Nikainuka, nikaenda dirisha la pili, nikagonga. Akafungua, akanyoosha mkono apokee kikombe aniongeze.

— Sikuja kwa kahawa, nikamwambia. Nimekuja kukuuliza jina lako.

Akaushusha mkono.

— Heriberto, akasema. Heriberto Lam Socarrás.

Nikalirudia mara mbili, nisije nikalisahau kabla ya kufika benchini.