Bundi wa Mgiriki

Kijiwe cha Akida muuza kahawa, pale Geita njia ya machimboni, kilikuwa na benchi moja bovu, na tangu juzi Masele ndiye aliyekuwa akililalia. Mkewe, Mageni, kamfungia mlango. Kisa? Sarafu aliyoachiwa na Mgiriki, bwana wake wa kuchimba dhahabu, siku lori lilipombeba na homa yake kwenda hospitali Mwanza. “Nitunzie, Masele. Ni fedha ya mji wetu, Athene, ya kale, kabla ya Kristo.” Upande mmoja mwanamke kavaa kofia ya vita, upande wa pili, Mungu apishie mbali, bundi, macho kodo! Na Mageni ana mimba. Unampelekea bundi mwenye mimba, una akili kweli? Mgongo ulimuuma Masele, macho yakamwasha, na hamu yake ilikuwa moja tu: kitanda chake.

— Huyo mwanamke wa kwenye sarafu mchawi, akasema Zamoyoni, waliyemwita Tarumbeta. Bundi ndiye baiskeli yake.

— Wamchore mchawi kwenye pesa? akauliza Masele.

— Ndiyo! Watu waogope kuiba. Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia hivyo hivyo. Na usiku pesa hizo zilikuwa zinaruka, zinakwenda kuita wenzao. Ndivyo Wagiriki walivyotajirika.

— Mbona huyu alikuja kula matope na sisi?

— Yeye alibakiwa na moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Salehe sonara akaisugua sarafu kwenye jiwe lake, akatikisa kichwa kwa uchungu.

— Fedha tupu, jamani. Siyo shilingi zetu hizi za kuchanganya. Masele, moto ninao. Niyeyushe, nimfulie Mageni bangili. Bundi kwisha, wewe kitandani.

Masele akapiga mwayo hadi machozi yakamtoka. Kitanda!

— Yeyusha, bwana. Nimechoka mimi.

Pembeni alikuwa ameketi bibi mmoja mgeni, akisubiri lori. Akaweka kikombe chini.

— Ng'wanawane, mwanangu, mwenyewe akirudi utamwambia nini?

Salehe akajifanya anatafuta koleo. Akida akainamisha dele. Likatoka tone moja tu.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Masele akaichukua sarafu mkononi mwa Salehe, akaifunga kwenye pindo la shuka.

— Sogea, Tarumbeta. Nataka kulala.