Ngoma ya Kwanza Baada ya Korona

Siku kumbi za Kampala zilipofunguliwa baada ya miaka miwili ya korona, mjane Nnabukeera aliketi basini nyuma ya mzee aliyepakata ngoma. Mwanamke aliyeketi kando ya mzee, ambaye hakuulizwa kitu, akasema, "Ssebo, bwana wangu, leo utavipigia viti vitupu. Watu wamezoea kukaa ndani."

"Nyamaza, nnyabo, mama wee. Mimi nahofia mikono tu, imelainika kama ya bwana harusi."

"Na hiyo ngozi haijalegea?"

"Nimeianika juani tangu asubuhi. Imekaza kuliko mimi."

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Foleni ilizunguka jengo zima. Watu walipoiona ngoma dirishani wakapiga vigelegele, wengine wakalia. Mzee akaikumbatia ngoma yake. Nnabukeera, aliyemzika mumewe bila waombolezaji, akanong'ona, "Ee Mungu, kumbe umetubakiza wengi hivi!"