Mawe ya Mlimani Sekenke

Kijiwe chetu kipo hapa Sekenke, panapoanza njia ya kupanda mlima. Kahawa nauza mimi, na maneno nayasikia bure, tena yananichosha. Kiangazi kilichopita hawa wateja wangu walipanda na sururu, wakang'oa duara zima la mawe ya kale. Eti Mjerumani ndiye aliyeyapanga, kuwa alama ya dhahabu aliyofukia. Wakachimba wee, wakarudi na vumbi. Mawe wakayasukumia bondeni, mengine wakayapasua kokoto. Sasa kila asubuhi ni kujitetea tu.

Bonifasi, tunayemwita Mjerumani kwa hadithi yake hiyo, ndiye aliyeanza leo.

— Dhahabu ipo. Tulikosea pa kuchimba.

— Pa kuchimba pamebaki wapi, na mlima mzima mmeufanya mashimo? nikamuuliza.

— Mama Faith, wewe mimina kahawa.

Sixbert, fundi wa misingi, akatikisa kichwa.

— Huyo Mjerumani wa kweli aliyakuta tu. Yale waliyaweka majitu. Binadamu wa kawaida habebi jiwe lile.

— Si wewe ulilibeba kwa toroli? nikamkumbusha.

— Nilisaidiwa.

Mwenzao Kefa naye akaja na lake.

— Majitu wapi. Yale ni ya viumbe wa huko angani. Ndiyo maana pale simu ilikuwa haishiki.

— Na sasa inashika?

— Haishiki.

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Bonifasi akawa anageuzageuza kikombe.

— Juzi walikuja wageni na gari, wamesikia kuna mawe. Nikawaambia wamepotea njia. Roho iliniuma, jamani. Babu yangu akipita pale alikuwa anavua kofia. Mimi nikaenda na sururu.

Hata mimi nilimwonea huruma, na si kawaida yangu.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, kambeba mtoto mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Ahsanteni. Naitwa Dorkas, natoka Itigi, ila baba yangu alizaliwa hapa. Tumemzika mwezi uliopita. Aliniachia neno moja tu: huyu mtoto akianza kutembea, nimlete mlimani aguse jiwe la nyumba yetu. Kila nyumba ilikuwa na lake. Mimi pia nililetwa, ila nilikuwa mdogo, sikumbuki.

Bonifasi akaweka kikombe chini.

— Mwanangu, yale mawe tuliyang'oa. Sisi hawa hawa.

Nilijua Dorkas atatutukana, na ningemsaidia. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akamshusha mtoto, akamshika mkono.

— Lakini si yapo huko bondeni? Nionyesheni tu, wazee wangu. Letu ni lipi?

Bonifasi akamtazama Sixbert. Sixbert akamtazama Kefa. Na mimi, mwenye mdomo kuwashinda wote, nikamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza.

Dorkas alidhani hatujamwelewa. Akauliza tena, taratibu, kwa Kinyiramba, lugha ya hapa kwetu.