Lainibeka wa Bi Mwanamize

Baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha michezo katika shule yetu, Kochi Yaqdhan anastaafu Jumatano, tarehe 24 Juni 2026. Kurasa za Kiarabu na Kiingereza za kijitabu hiki zimeandikwa na walimu. Huu wa Kiswahili aliuomba yeye mwenyewe kwa ajili ya mama yake, Bi Mwanamize wa Sib hapa Oman, ambaye Kiarabu cha hotuba humtia usingizi. Mkuu wa shule alipouliza nani anaweza kuandika Kiswahili, mimi nilitazama chini kama kawaida yangu, na hilo, sijui vipi, likahesabiwa kuwa nimekubali.

Niseme mapema kwamba mengi humu sijayaelewa. Nimecheza katika timu ya Kochi tangu darasa la nane na bado nachanganyikiwa.

Kwanza, mchezo wenyewe. Unaitwa futiboli ya Kimarekani, lakini mpira wake umechongoka kama tende, unashikwa kwa mikono, na mguu hautumiki ila mara chache. Kochi alikwenda Marekani mwaka 1985 kusomea uhandisi. Kocha wa chuo alisikia kuna kijana mgeni kutoka nchi za soka, akamwita aje kupiga mpira kwa mguu. Akapiga. Wa kwanza uliangukia gari la mtu. Wa pili haujulikani ulikokwenda. Akiwa anaondoka na aibu yake, mchezaji mmoja akampita mbio na mpira mkononi, na Kochi, mwenyewe hajui kwa nini, akamkumbatia wakaanguka wote wawili. Walimwita kwa ajili ya mguu, wakambakisha kwa ajili ya bega.

Nafasi aliyopewa inaitwa lainibeka, na ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Niliandika “beki wa mstari”, nikampelekea Dada Veneranda wa kantini, mtu wa Bukoba, ambaye hunisahihishia Kiswahili changu cha nyumbani.

“Beki ninamjua,” akasema. “Mstari upi sasa?”

“Wa watu. Kuna wanene wamejipanga mbele, yeye anasimama nyuma yao.”

“Anafanya nini huko nyuma?”

“Anatazama.”

“Na analipwa? Mdogo wangu, niulizie nafasi.”

Kweli alilipwa. Baada ya misimu minne ya chuo, wa mwisho akiwa nahodha wa ulinzi, alichukuliwa na timu ya kulipwa ya mji mmoja wa baridi, akaichezea misimu mitatu. Lainibeka huwasoma wapinzani kabla hawajaondoka, huwapanga wenzake kwa sauti, halafu humwahi mwenye mpira na kumwangusha. Mwenyewe mpira haugusi. Katika miaka yote ya kulipwa Kochi aliudaka mmoja tu, na anavyosimulia, alisimama nao kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, mpaka wakamwangusha yeye. Kisha goti likaharibika. Akarudi Oman, akafanya kazi bandarini Mutrah miaka michache, halafu akaja kwetu.

Hapa alituletea mchezo huo huo bila ya kuangushana. Kila mchezaji hufunga vitambaa kiunoni. Ukimchomoa mwenye mpira kitambaa, amekwisha. Timu ya wasichana aliianzisha wakati hakuna shule ya jirani yenye timu ya kucheza nasi, kwa hiyo mwaka mzima tulicheza na walimu, na tuliwashinda. Amri yake ni ile ile kila siku: “Usitazame uso, uso unadanganya. Usitazame mpira. Tazama kiuno, yallah.” Mimi, ambaye nyuso za watu zinanishinda, nilifurahi sana kusikia kwamba si lazima.

Sasa jambo lenyewe. Wiki tatu zilizopita Kochi aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia mama yake hajui.

“Hajui nini, Kochi?”

“Lainibeka.”

Alipochukuliwa na timu ya kulipwa alimpigia mama yake simu kumpa habari, na simu za wakati ule zilikuwa zikinguruma. Bi Mwanamize akasikia “laini”. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba Yaqdhan ni mhandisi wa laini za simu Marekani. Kochi hakusahihisha. Alikuwa ametumwa kusoma, si kuangushana na watu. Aliporudi anachechemea, akasema ameanguka kutoka kwenye nguzo ya simu. Majirani wakamletea simu zao mbovu, naye, maskini, akajifunza kuzitengeneza.

“Andika ukweli,” akaniambia. “Lakini kamsomee wewe kwanza. Mie sitoweza.”

Mtu aliyewazuia majitu alikuwa anaisokotasokota kamba ya filimbi. Sikuelewa anaogopa nini, na sikuelewa zaidi kwa nini anitume mimi, ninayeshindwa hata kuagiza juisi. Nilikwenda.

Bi Mwanamize alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye lainibeka akanikatiza.

“Laini? Mwanangu yule ana kipi cha laini?”

Nikaeleza kama nilivyoweza.

“Na mpira anao nani?”

“Wale wengine, Bibi.”

“Yeye hana?”

“Hana.”

“Mchezaji gani asokuwa na mpira?”

Nikamsomea tu ile amri ya kutazama kiuno. Hapo akaacha mchele.

Wengi wa Sib wanamkumbuka Bi Mwanamize kwenye harusi za wanawake. Ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni kuzuia kamera na simu zisiingie, bibi harusi asije akapigwa picha.

“Wenzangu walikuwa wakitazama mikoba,” akasema. “Mie mkoba siutazami. Aloficha simu hutembea vingine, hapa.” Akajipiga kiunoni. “Hajapata kunipita mtu. Kumbe kazi yake ni hii yangu.”

Akarudia mchele. Kisha akauliza, “Na ile nguzo?”

Nikamwambia kwamba hakukuwa na nguzo. Akacheka mpaka ungo ukamtoka.

“Yaqdhan hapandi ngazi kubadilisha taa. Nnamwita kijana wa jirani. Nguzo ataipandaje? Alikuwa kasimama pale pale ulipo, ananihadithia nguzo, na mie namtazama kiuno.”

“Kwa hiyo ulijua, Bibi?”

“Nlijua si nguzo. Kilichokuwa sikukijua. Nikangoja.”

“Mbona hukumuuliza?”

“Ningemuuliza angezidi kuongopa. Mlangoni humfati mtu, mwanangu. Unasimama, anakuja mwenyewe.”

Nikamuuliza nikamwambie nini Kochi. “Usimwambie kitu. Yeye kanitumia karatasi, na mie namjibu kwa karatasi.”

Kwa hiyo wiki tatu hizi nimekuwa nikimkwepa Kochi. Hajaniuliza kitu, ila mazoezini filimbi imekuwa ikilia kwa unyonge, na nadhani amelikisia jibu vibaya.

Kochi, ukifika hapa utakuwa umekaa ukumbini, na mama yako yuko safu ya mbele. Hakukasirika. Anataka umsimulie wewe mwenyewe ule mpira mmoja ulioudaka, na kwa nini ulisimama nao. Mimi bado sijaelewa, kati yenu wawili, nani alikuwa akimngoja nani miaka yote hii. Ahsante kwa kutufundisha kusimama na kutazama. Wanafunzi wako, walimu wenzako, na Dada Veneranda ambaye bado anaulizia nafasi, sote tunakutakia mapumziko ya raha na goti lisilouma. Na taa ikiungua, muite kijana wa jirani.

Nawar, darasa la kumi na moja