Bi Somoe Abdallah Anakabidhi Kinyundo

Jumamosi, tarehe 30 Juni 2007, Bi Somoe Abdallah, msimamizi wa ukumbi wa kubangulia katika Kiwanda chetu cha Korosho Tuungane, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Faili lake la ofisini linasema kumi na minane. Miaka kumi inayopungua ni ile ambayo kiwanda kilifungwa, na Bi Somoe hakubali kwamba na yeye alifungwa nacho. Jarida hili la wafanyakazi limeamua kuhesabu kama anavyohesabu yeye. Kwanza ana haki, na pili hakuna kati yetu aliyewahi kubishana naye akatoka salama.

Bi Somoe alizaliwa Msimbati mwaka 1952. Alihamia Mtwara mjini baada ya kuolewa na Mzee Mohamedi, mkulima wa korosho na mihogo mwenye shamba nje kidogo ya mji, na mpaka leo wanaishi Rahaleo. Aliripoti kazini Jumatatu ya tarehe 3 Septemba 1979, akapangiwa meza ya kuchambua: korosho nzima huku, vipande kule, zilizoungua ndoo ya tatu.

Wakati huo kiwanda kilijivunia mashine kubwa za kubangulia zilizotoka ng'ambo, pamoja na vitabu vinene vya maelekezo na fundi wa kuvisoma. Korosho ziliingia upande mmoja zikiwa nzima na kutoka upande wa pili zikiwa makombo. Wanawake wa mezani waliziita mashine za kusaga. Bi Somoe alichoka kuchambua makombo. Akaleta kinyundo cha mti na jiwe kutoka nyumbani, akakaa pembeni, akaanza kubangua kwa mkono: korosho inachemshwa kwa mvuke, inaachwa ipoe kabisa, kisha inapigwa mara moja tu kwenye ukingo, ganda linaachia. Msimamizi wa siku zile alimwona mtundu na alikusudia kumwonya kwa barua. Mwisho wa mwezi akakuta ndoo ya mtundu ina korosho nzima nyingi kuliko za mashine, na badala ya barua akaagiza vinyundo arobaini.

Mimi ninayeandika haya nilifika Mtwara kutoka Njombe mwaka 1986, karani mpya wa ghala, sijui mkorosho unazaaje. Wiki ya kwanza nilichukua korosho ghafi kwenye gunia, nikaibana kwa meno kama mtu anayebangua karanga. Wenyeji wanajua kilichonipata. Mafuta ya ganda la korosho ni moto mtupu, na midomo yangu ilivimba hadi meneja akaogopa kunitazama. Bi Somoe alicheka kwanza, akanitibu baadaye, na akaniita Mama Midomo kuanzia siku hiyo. Mume wangu na wanangu wote wamelizoea jina hilo, hata mchungaji wetu amewahi kuteleza akaniita hivyo baada ya ibada.

Juni 1992 kiwanda kilifungwa. Tuliambiwa ni nafuu zaidi kupakia korosho ghafi melini zikabanguliwe India kuliko kuzibangua hapa zilipoota. Wanawake zaidi ya mia tatu walirudi nyumbani siku moja. Nisiseme uongo kwa sababu leo ni siku ya sherehe: iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu kazi yenyewe haikufa, ilihama. Korosho zilikuwa zilezile, kutoka mashamba yaleyale, ila mikono ya kuzibangua ilikuwa ya watu wengine, ng'ambo ya bahari.

Mimi nilipata ukarani katika ghala moja karibu na bandari, na Bi Somoe akapata kibarua hapohapo cha kushona midomo ya magunia ya korosho ghafi zinazosafirishwa. Alishona vizuri, maana hajui kufanya kazi vibaya, lakini alishona amenuna. Alisema kazi ile ni kama kumpikia mke mwenza pilau ya arusi yake. Hata hivyo sikumsikia hata mara moja akiwatukana wale wanawake wa India. Alisema nao wana watoto, na mafuta ya ganda yanawachoma vilevile. Hasira yake ilikuwa kwa yeyote aliyekaa mahali akaamua kwamba mkono wa mwanamke wa Mtwara unafaa kushika sindano ya gunia tu.

Vita kubwa zaidi ilikuwa nyumbani kwake. Mzee Mohamedi aliuza korosho zake ghafi kama wakulima wote, na mkewe akamwambia waziwazi kwamba anauza kazi ya mkewe. Mzee akajibu kwamba mnunuzi ni mnunuzi. Kwa siku kadhaa nyumba ile ya Rahaleo iliishi kwa salamu tu. Suluhu ilipatikana kwa wazee wa pande zote mbili: kila msimu Mzee auze anavyotaka, lakini magunia mawili yabaki kwa Bi Somoe. Nayo akayabangua uani kwake, kila mwaka, miaka kumi mfululizo, pamoja na wanawake wa jirani waliotaka kujifunza. Ukimwuliza miaka ile alikuwa mtumishi wa nani, atakuambia alikuwa mtumishi wa kinyundo.

Kuna kisa cha mwaka 1997 ambacho wenye maduka wa sokoni Chikongola bado wanakisimulia. Bi Somoe aliingia dukani kununua sukari, akaona pakiti nzuri ya korosho zilizobanguliwa, imeandikwa kwamba imefungwa nje ya nchi. Aliinunua, akaifungua palepale na kuzipanga korosho moja moja juu ya kaunta. Hii ya Newala, hii ya Tandahimba, hii kama si ya kwetu basi ni ya jirani yetu. Kisha akamwambia mwenye duka, mbele ya wateja, kwamba korosho hizi zimekwenda Ulaya na Asia zikarudi, na yeye aliyezaliwa nazo hajafika hata Lindi. Watu walicheka mpaka sukari ikasahaulika. Yeye alicheka pia, lakini nilirudi naye Rahaleo akiwa na pakiti ile mkononi, bila sukari.

Mwanzoni mwa mwaka 2002 Bwana Godfrey, meneja wetu wa sasa, alikodi ukumbi mmoja wa kiwanda hiki. Alikuwa na magunia mia mbili ya korosho ghafi na mnunuzi wa Dar es Salaam aliyekuwa tayari kujaribu korosho iliyobanguliwa Mtwara. Sharti lilikuwa sampuli ya kilo hamsini, na katika kila korosho mia, themanini ziwe nzima. Sampuli ikifaulu, ukumbi unafunguliwa. Ikishindwa, magunia mia mbili yanapelekwa bandarini yakiwa ghafi kama mengine yote. Bwana Godfrey aliulizia mjini ni nani bado anajua kazi hiyo, na kila aliyeulizwa alimwelekeza uani kwa Bi Somoe.

Wakakusanyika wanawake ishirini na wanne, na mimi nikaitwa kuandika uzito. Tatizo la kwanza lilikuwa mikono. Zamani kiwanda kilitugawia mafuta maalumu ya kujipaka ili ganda lisichome, na sasa hayakuwapo. Bi Somoe akasema hakuna shida, tumieni mafuta ya nazi kama mimi nyumbani. Wakajipaka, wakabangua, wakachambua. Katika kila mia, themanini na nne zilikuwa nzima. Tulifunga sampuli kwa vigelegele.

Baada ya wiki mbili barua ikarudi. Mnunuzi alisifu ukubwa, alisifu weupe, kisha akauliza kwa heshima kama korosho hizi zilipikwa kwenye tui. Ukumbi wote ulishangaa. Korosho zikapitishwa pua hadi pua, na wanawake ishirini na wanne wa pwani ya Mtwara wakaapa kwamba hazina harufu yoyote. Watafanyaje, na wali ni wa nazi, mchicha ni wa nazi, samaki ni wa nazi, na hata nywele zinapakwa nazi? Mtu mmoja tu alikuwa ameisikia harufu ile tangu siku ya kwanza, naye ni mimi, mtu wa Njombe. Nilinyamaza kwa sababu baada ya yale ya midomo niliapa kutotoa maoni juu ya korosho. Nilipokiri, Bi Somoe aligeuka na kuwaambia wenzake kwamba kosa si la Mama Midomo. Mafuta aliyachagua yeye, na miaka kumi amekula korosho zenye nazi bila kujua.

Mnunuzi alitoa nafasi ya mwisho, wiki tatu. Sijawahi kumwona Bi Somoe akiogopa isipokuwa siku zile. Alisema magunia yale yakienda melini, hakuna atakayekuja tena kuuliza kama Mtwara wanajua kubangua. Jibu litakuwa limeshaandikwa, na litakuwa limeandikwa kwa mafuta yake. Lakini kupotea njia ndiko kujua njia. Alimkumbuka bibi yake wa Msimbati aliyekamua mafuta ya nyonyo kwa ajili ya kukandia viungo, akaenda kijijini, akarudi na madumu mawili. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanakinga mkono kuliko ya nazi, na hayana ile harufu. Kisha akaweka sheria mpya, ambayo ipo hadi leo: kila korosho kabla ya kufungwa inuswe na mtu wa bara. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo changu cha pili, ambacho hakimo kwenye barua yangu ya ajira. Nilinusa kilo hamsini hadi kichwa kikauma.

Sampuli ya pili ilipata themanini na saba, na barua ya mnunuzi safari hii ilikuwa na mistari minne tu. Tarehe 1 Julai 2002 ukumbi ulifunguliwa. Wanawake ishirini na wanne waliingia na vinyundo vyao, na Bi Somoe, ambaye hakulia kiwanda kilipofungwa, alilia hadi khanga ikalowa. Bwana Godfrey alikuwa ameandaa hotuba, ila hakuna aliyeisikiliza.

Leo tuko mia moja na kumi na wawili. Zaidi ya nusu walifundishwa na Bi Somoe kwa mkono wake, na wote wanamwogopa kidogo. Anaweza kusikia pigo baya akiwa amewapa mgongo, na anajua ni la nani. Hana upendeleo pia. Mwaka 2003 Mzee Mohamedi aliacha kuuza ghafi na kuanza kuleta mavuno yake yote hapa kiwandani, akapanga foleni ya mapokezi kama mkulima mwingine yeyote. Bi Somoe akapitisha magunia kumi na matatu na kulikataa la kumi na nne kwa sababu korosho zake hazikukauka. Mzee alilirudisha kwa baiskeli hadi Rahaleo, watu wakimpa pole njiani. Tunaambiwa siku hiyo alijipikia mwenyewe. Tangu hapo hakuna gunia lake lililowahi kukataliwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Uongozi ulimwuliza Bi Somoe angependa zawadi gani: cherehani, redio, au kabati. Alishukuru, akasema achaguliwe yoyote, lakini ana ombi moja juu ya sherehe yenyewe. Ifanyike Jumamosi baada ya kazi, asiwepo hata mtu mmoja atakayeweka kinyundo chini kwa ajili yake. Alieleza kwamba anajua korosho nyingi za mkoa huu bado zinapanda meli zikiwa na maganda yake. Ukumbi wetu ni mmoja, na ukumbi mmoja hufungwa kwa barua moja. Alisema hayo bila kununa, kama mtu anayekumbusha kwamba mvua hunyesha.

Kazi yake anaikabidhi kwa Mwanaidi, aliyejifunza uani kule Rahaleo akiwa binti, na ambaye tayari ameanza kusikia mapigo mabaya kwa mgongo. Bi Somoe amemwachia wosia mmoja. Kuanzia Jumatatu, yeye atakuwa raia wa kawaida anayepita mbele ya geti letu akienda sokoni Chikongola. Hataingia ndani, hatauliza kitu, hatamsumbua mlinzi. Atasimama kidogo tu ukutani. Siku atakayosimama pale asisikie vinyundo, hapo ndipo atakapojua kwamba amestaafu kweli.

Asante, Bi Somoe, kwa mkono wako, kwa ukali wako, na kwa kuturudishia kazi iliyokuwa imevuka bahari. Maisha yawe mema kwako na kwa Mzee Mohamedi, shamba lizae, na viungo visiume. Jumatatu saa mbili asubuhi pita polepole. Tutakuwa tunapiga.

Doris Erasto (Mama Midomo)
Karani wa Ghala na Mnusaji